Windows 11 25H2 ina bagi za kuogopa kweli au watu wanakuza mambo?

Karatasi_na_Wino

Wakuu habari za mihangaiko.

Nina stationery ndogo karibu na chuo, kazi zetu ni zile zile mnazozijua, kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, kuskani vyeti, kumjazia mtu maombi ya ajira au mkopo onlaini, picha za pasipoti. Mashine zote ziko Windows 10 na kusema ukweli zilikuwa hazinisumbui, ila tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft wamefunga sapoti yake na sasa kila nikiwasha kompyuta inanikumbusha nihame kama mwenye nyumba aliyeshapata mpangaji mwingine.

Mdogo wangu anasema tupande Windows 11 25H2 tumalize kesi. Jirani hapa, anauza vifaa vya simu, ananiambia nisithubutu, eti toleo hili limeoza, linaua SSD (diski), kibodi zinagoma, skana zinapotea, gemu zinaganda (hilo la gemu halinihusu ila kalitaja kwa uchungu sana). Nikaingia mtandaoni nisome mwenyewe ndio nikavurugika kabisa, huyu anaorodhesha bagi mpaka unachoka kusoma, yule anasema anatumia toka siku ya kwanza hajaona kitu, na wote wanaongea kwa uhakika.

Sasa swali, hizi bagi ni siriasi kiasi cha mtu wa biashara kubaki kwenye Windows 10 isiyo na ulinzi, au ni kelele? Na nitajuaje ipi ni ya kuogopa na ipi ni ya kusoma na kupita?

Mashine zenyewe ni HP mbili za gen 8 (prosesa za Intel kizazi cha nane), used za Dubai, mbili nyingine gen 6, na kuna kizee kimoja Core 2 Duo kazi yake kuprinti tu. Fundi nishampata na ana flashi yake tayari, namsubirisha nisikie kwenu kwanza. Lugha nyepesi jamani.


KotaPoint

Piga tu mkuu. Nimeshawapigia wateja kibao hiyo 25H2 hakuna aliyerudi kulalamika. Watu wanapenda kuogopa tu.


Mzee_wa_Saba

@KotaPoint hawajarudi kwako kwa sababu wameenda kwa fundi mwingine 😂

Mleta mada sikiliza jirani yako. Hii familia ya 24H2 (toleo la 2024) na 25H2 imeanza vibaya toka Oktoba 2024. Kuna SSD za WD zilikuwa zinapiga skrini ya bluu, kuna laptopu za Asus zilikuwa zinakwama katikati ya kupanda, gemu za Ubisoft zinaganda, kuna mashine sauti ilikata kabisa. Agosti 2025 wakaleta apdeti ikaua SSD za watu, Oktoba kibodi zikagoma. Na msisahau ile siku ndege hazikuruka dunia nzima skrini za bluu kila kaunta. Mtu mwenye akili anakaa alipo. Mimi bado niko na Windows 7 na maisha yanaenda.


Mchunguzi_Faili

Mzee wa Saba, hapo umechanganya mambo ambayo hayafanani, ngoja tuyatenganishe maana mleta mada anataka kufanya uamuzi wa hela.

Ile ya ndege ni tarehe 19 Julai 2024, lilikuwa ni faili bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, sio toleo jipya la Windows wala apdeti ya Windows. Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 ziliguswa na humo zilikuwemo nyingi tu za Windows 10. Kwahiyo mtu aliyekaa alipo naye alianguka. Iondoe kwenye hesabu.

Ya SSD ya Agosti 2025 (KB5063878) ndiyo napenda watu waisome vizuri kwa sababu ilivuma kuliko bagi zote za mwaka ule na ukiichimba hukuti kitu cha kushika. Ilianzia kwa mtu mmoja Japani, akasema ukinakili data nyingi kwa mpigo, kama GB 50, kwenye diski iliyojaa zaidi ya asilimia 60, diski inapotea. Mitandao ikalipuka. Phison wanaotengeneza kontrola za SSD nyingi wakaipima zaidi ya saa 4,500 wakashindwa kuirudia, Microsoft nao wakasema hawajaona uhusiano wowote na apdeti yao. Baadae ikaja kuonekana kuna diski za majaribio zilikuwa na femuwea (programu ya ndani ya diski) ya kiwandani ambayo haikutakiwa kumfikia mteja. Sasa ile video ya mtu analia haijafutwa, bado ipo, na jirani yako ataiona tena wiki ijayo.

Ya WD ni kweli tupu, hiyo sikatai. SN770 na SN580 za TB 2. Hizo SSD hazina RAM yake zenyewe zinaazima kipande cha RAM ya kompyuta, Windows za nyuma zilikuwa zinaipa MB 64 basi, 24H2 ikakubali kuipa MB 200 ilizoomba na femuwea ikashindwa kuzimudu, mashine inaanguka. WD wakatoa femuwea mpya mambo yakaisha. Bagi mbaya sana kama una diski hiyo, na kama huna ni hadithi tu. HP used ya Dubai uliyonayo ina SSD ya TB 2 kweli mkuu? Nina wasiwasi.

Kingine ambacho wengi hawakijui, 25H2 iliyotoka 30 Septemba 2025 sio Windows mpya kwa maana ile. Ni 24H2 ile ile, msimbo mmoja, ukiwa na 24H2 iliyopigwa apdeti zote kupanda 25H2 ni kushusha kifurushi kidogo cha kuwasha vitu na kurestati mara moja. Wameondoa vitu vichache vya kale kama PowerShell 2.0 na WMIC. Kwahiyo ukiona mtu anakupa orodha ndefu ya bagi za 25H2 angalia tarehe, nyingi ni za mwishoni mwa 2024 na zilishafungwa.


Mzee_wa_Saba

Sawa bwana wakili wa Microsoft. Nyingi zimefungwa, sio zote.


Mchunguzi_Faili

Sio zote na hazitakaa zifungwe zote, hata hiyo Saba yako iliachwa Januari 2020 ikiwa na bagi zake na hakuna anayezifunga.

Swali la mleta mada la pili ndio zuri zaidi, atajuaje ipi ya kuogopa. Mimi idadi ya malalamiko huwa siiangalii kabisa. Mfano ninaoutumia siku zote ni Windows 10 toleo la 1809. Lilitoka 2 Oktoba 2018, siku chache tu wakalisimamisha, kwa sababu lilikuwa linafuta mafaili ya watu. Namaanisha Documents, Pictures, picha za harusi, vimefutwa. Chanzo chake kilikuwa cha kijinga kidogo, kuna watu walikuwa wamehamisha folda zao toka diski C kwenda D ili kuokoa nafasi, halafu lile folda la zamani linabaki pale C, watu wakalalamika kwamba kuna mafolda mawili yanachanganya, Microsoft wakaandika msimbo wa kufuta lile la zamani. Ila kwa baadhi ya watu lile la zamani lilikuwa bado lina vitu ndani.

Microsoft walisema waliolalamika ni sehemu ya mia ya asilimia moja, yaani mtu 1 kati ya 10,000. Kwa idadi hiyo ni bagi ndogo kuliko ya Ubisoft. Na kibaya zaidi kuna watu wa majaribio waliiripoti miezi kabla toleo halijatoka, ila ripoti zao zilikuwa na kura chache kwenye Feedback Hub, sehemu ya Microsoft ya kupokea maoni, zikazama chini ya malalamiko ya rangi na ikoni. Baada ya lile sekeseke ndio wakaweka sehemu ya mtu kusema tatizo lake ni zito kiasi gani. Likarudi 13 Novemba 2018. Kwahiyo bagi nzito kuliko zote ilikuwa na kelele ndogo na ya SSD isiyothibitika ikawa na kelele za dunia.

Mimi najiuliza hivi, ikinipata nitapoteza kitu kisichorudi? Nitajua kwamba imenipata au itakaa kimya? Naweza kurudi nyuma? Gemu kuganda unaona papo hapo, unarudisha toleo la zamani ndani ya siku 10, basi. Faili likifutwa na huna bakapu hakuna siku 10 wala 100.


Pwani_Kodi

Hapo kwa "naweza kurudi nyuma" ndipo mie nakukatiza kaka. Umetaja kibodi za Oktoba ukazipita kimya, na hiyo ndiyo bagi moja ya mwaka mzima ambayo mie nikiulizwa nasema ni nzito na hakuna aliyeipigia kelele inavyostahili.

Kwa wasiojua, apdeti ya 14 Oktoba 2025, KB5066835, iliua kibodi na mausi za USB ndani ya ile sehemu ya ukarabati ya Windows, ile inayokuja mashine ikishindwa kuwaka. Ukiwa ndani ya Windows kawaida kila kitu chafanya kazi, waandika, wabofya, huna habari. Sasa siku mashine imeanguka wafika kwa ukarabati, skrini yakuuliza uchague, na huwezi kuchagua. Wenye kibodi za zamani za PS/2 ndio walikuwa wanacheka. Yaani mlango wa kutokea umefungwa na wewe hujui mpaka moto uwake.

Kwa vipimo vyako mwenyewe, yakaa kimya, na yaharibu kule kule kurudi nyuma. Hizo ni mbili kati ya tatu.

Halafu angalia tarehe, ni siku ile ile Windows 10 inafungwa sapoti. Watu wanasukumwa wahame na huku wanakohamia njia ya uokoaji imeziba.


Mchunguzi_Faili

Sikuipita, ni Mzee wa Saba aliyeitaja kama "kibodi ziligoma" na mtu akisoma hivyo anadhani hakuweza kuandika barua. Kwa aina yake nakubali ni nzito. Ila uzito una upande wa pili, imekaa muda gani wazi. Walitoa KB5070773 tarehe 20 Oktoba, siku sita, nje ya ratiba yao ya kawaida, hawakusubiri mwezi ujao. Ukipiga leo ukashusha apdeti zote hiyo haikugusi.


Pwani_Kodi

Siku sita kwa aliyeanguka siku ya saba. Je aliyeanguka siku ya tatu? Na wewe wahesabu kana kwamba kila mtu ana bando la kushusha apdeti siku hiyo hiyo, kuna ofisi hapa zashusha mara moja kwa mwezi na nyingine hazishushi mpaka zikumbushwe. Bagi yaisha Redmond kwa Microsoft siku ya sita, kwa mtu wa Likoni yaweza kuisha Desemba.

Apdeti hiyo hiyo pia ilivunja localhost (kompyuta kujiunganisha na yenyewe, tunapojaribia tovuti), programu zinazotumia HTTP.sys ya Windows, IIS na wenzake, miunganisho ikawa yakatika. Sisi watengenezaji tulipiga makelele hiyo habari ikaenea kote, wakairekebisha. Wa XAMPP (kifurushi chenye seva ya Apache) hawakujua kitu maana Apache haipiti huko. Na ukinipimia, hiyo ya localhost ni usumbufu, ile ya ukarabati ni hatari, lakini iliyopata kurasa nyingi sina haja ya kukwambia ni ipi.


KotaPoint

Sasa mnabishana kitu kimoja wote mnakubaliana 😂


Pwani_Kodi

Hatukubaliani. Yeye asema ilikuwa nzito, mie nasema bado ni nzito kwa ambaye hajaapdeti.


Mchunguzi_Faili

Na mimi nasema dawa ya hiyo ni kuapdeti, sio kuikimbia 25H2. Tofauti yetu ni hapo tu. Kama mtu bando ni tatizo basi awe na flashi ya Windows pembeni, ukiwasha mashine kwa flashi kibodi inafanya kazi maana ile sehemu ya ukarabati inatoka kwenye flashi sio kwenye diski.

By the way (nisamehewe) sio Microsoft tu, watu wa Mac wasijifiche. macOS High Sierra, Novemba 2017, ulikuwa unaandika root unaacha neno la siri tupu unabonyeza mara kadhaa unaingia kama bosi wa mashine. Hiyo kwa mtumiaji haikuwa na dalili yoyote, mashine inaenda vizuri kabisa, haigandi, haipotezi sauti. Ukipima bagi kwa usumbufu inapata sifuri. Ilianikwa hadharani tarehe 28, tarehe 29 wakatoa kiraka, na kiraka chenyewe kikavunja kushea mafaili kwa baadhi ya watu.


Dada_Draiva

Mnazungumza vizuri sana ila mleta mada ana stationery, hajui root wala localhost, anataka kujua printa na skana. Ngoja niseme mimi maana hiyo ndio kazi yangu.

Skana, jirani yako hakudanganya. 24H2 ilipotoka kulikuwa na bagi ya vifaa vya USB vinavyotumia itifaki ya eSCL, zile printa za kazi zote ambazo hazihitaji draiva, unachomeka waya na Windows haikioni. Kwa stationery hiyo ni kufunga duka. Microsoft wakazuia mashine zenye vifaa hivyo zisipewe 24H2 kwa Windows Update na wakairekebisha kwenye apdeti ya Desemba 2024. Imeisha.

Lakini sasa sikilizeni na hii maana wanaosema "baki ulipo" hawaisemi. Mwanzoni mwa 2025 kulikuwa na bagi ya printa za USB zinazojiprintia zenyewe karatasi zenye maandishi ya ajabu, yanaanza na POST /ipp/print HTTP/1.1, halafu mistari ya kimtandao, ukurasa juu ya ukurasa. Unakuta asubuhi trei imekwisha. Hiyo iligusa Windows 10 22H2 na Windows 11 za nyuma, 22H2 na 23H2. 24H2 haikugusa. Waliiondoa mwezi wa tatu. Kwahiyo mwenye toleo jipya lililooza alikuwa anaprinti kwa raha na aliyekaa alipo alikuwa anachoma rimu za karatasi.

Toleo la zamani nalo lilikuwa linapokea apdeti kila mwezi na apdeti nazo zina bagi. Na ukisema basi nizime apdeti, unawasha kompyuta ambayo kila mwanafunzi anachomeka flashi yake yenye virusi vya chuo kizima. Mimi hiyo naiona mbaya kuliko bagi zote zilizotajwa hapo juu.


Mzee_wa_Saba

Dada hapo kwa flashi za wanafunzi umenigusa. Ila mimi Saba yangu haina intaneti.


Dada_Draiva

Mzee wangu hiyo ni sawa kabisa, yako ni ya nyumbani. Ya stationery haiwezi kukaa bila intaneti.

Sasa kitu kilichonifanya niingie kwenye huu uzi, mleta mada umesema fundi ana flashi yake tayari. Hapo ndio mimi nina hofu kuliko 25H2 yenyewe. Muulize aliitengeneza lini na ina toleo gani.

Kuna bagi watu hawaijui kwa sababu haina skrini ya bluu. Flashi au DVD ya 24H2 iliyotengenezwa ikiwa na apdeti za ulinzi za Oktoba au Novemba 2024, yaani kati ya tarehe 8 Oktoba na 12 Novemba, ukiipiga Windows inakaa vizuri, kila kitu kinaenda, ila baadae inaweza kukataa kupokea apdeti za ulinzi zinazofuata. Suluhisho la Microsoft lilikuwa upige upya kwa flashi yenye apdeti za Desemba 2024 au za baada ya hapo. Waliopanda kwa Windows Update haikuwagusa. Sasa nchi hii nani anapanda kwa Windows Update? Fundi ana flashi moja anatembea nayo mtaa mzima mpaka lebo imefutika.

Na lile zuio nililolisema la skana, na la WD, na la Asus, yale mazuio yanafanya kazi ukipitia Windows Update. Microsoft wakiona mashine yako ina kifaa chenye tatizo wanakuficha toleo mpaka warekebishe, ndio maana utaona mwenzio kapata wewe hujapata, unadhani umeonewa. Na wenyewe walikuwa wanasisitiza usilazimishe kwa njia nyingine. Ukija na flashi ukafuta kila kitu ukapiga upya hakuna wa kukuzuia, umeruka geti. Mimi naamini nusu ya vilio vya mtandaoni ni vya walioruka geti, ingawa hilo siwezi kuwaapia.


KotaPoint

Dada lakini kwa Windows Update mteja atasubiri mpaka jioni na bando lake. Flashi ni dakika chache.


Dada_Draiva

Najua kaka, na mimi natumia flashi. Nasema tu iwe mpya. Tengeneza kwa ISO (faili zima la kupigia Windows) ya sasa kutoka tovuti ya Microsoft. Na angalizo, ile Media Creation Tool iliyotoka 29 Septemba 2025 ilikuwa inajifunga yenyewe ukiifungua kwenye Windows 10, wakakiri, yaani chombo cha kumhamisha mtu wa Windows 10 hakifunguki kwenye Windows 10 wiki mbili kabla ya kumfukuza. Nilicheka mpaka machozi. Shusha ISO moja kwa moja, uiweke kwenye flashi kwa programu ya Rufus.


Karatasi_na_Wino

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote mara mbili. Nimeelewa kwamba SSD haifi, skana imeshapona na flashi ndio ya kuangalia. Sasa zile gen 6 na kizee? Fundi anasema zote zinaingia tu, kuna namna anafanya.


Pwani_Kodi

Hiyo namna ni kuruka masharti. Windows 11 kwa Intel yataka gen 8 kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya ulinzi). Kwa Rufus waweza kuyaruka na gen 6 itakwenda, tena itakwenda vizuri usishangae. Lakini Microsoft walishasema mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kudai apdeti. Za kila mwezi zaja kwa kawaida, lile toleo kubwa la mwaka ndio haliji lenyewe, itabidi uruke tena kwa mkono. Kwa mashine ya biashara mie singefanya. Hapo utakuwa umekusanya bagi zote na huna pa kushtaki.


Mchunguzi_Faili

Hapa nipo na Pwani kwa asilimia zote. Gen 6 iache Windows 10 uiingize kwenye ESU, ni apdeti za ulinzi mpaka 13 Oktoba 2026. Kwa mtumiaji wa kawaida ni dola 30, au bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa Windows Backup kwenye akaunti ya Microsoft, na akaunti moja inabeba mpaka mashine 10. Lazima hiyo Windows 10 iwe toleo la 22H2. Hiyo ni ya matumizi binafsi, ya makampuni bei yake ni nyingine, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, kwahiyo soma masharti uone duka lako linaangukia wapi.


Mzee_wa_Saba

Kwahiyo mwisho wa siku mnamwambia abaki alipo. Si ndio nilisema 😂


Mchunguzi_Faili

Zile mbili za gen 6 abaki AKIWA NA ULINZI, sio abaki uchi. Za gen 8 zipande. Na kabla ya kugusa yoyote, bakapu kwenye diski ya nje, uichomoe waya, uiweke kabatini. Nimeshuhudia fundi mmoja akifomati D badala ya C kwa mteja, hapo hakukuwa na bagi yoyote ya Windows.


Dada_Draiva

Na zile za gen 8 usipande zote siku moja. Anza na moja, uiunganishe na printa na skana yako, ifanye kazi ya duka kweli, mteja wa kweli anaskani cheti cha kweli, maana hata mtengenezaji wa printa naye anaweza kuwa hajaleta draiva. Ikienda vizuri wiki nzima ndio uguse ya pili. Zile siku 10 za kurudi nyuma ni kwa aliyepanda juu ya Windows ya zamani, ukifuta kila kitu ukapiga upya hazipo. Na usije ukasafisha diski ndani ya hizo siku maana utakuwa umeifuta ile Windows.old unayorudia.

Ukisafisha baadae ukakuta inakwambia kuna GB 8.63 haziondoki usihangaike, ile ilikuwa bagi ya kuonyesha namba tu, nafasi ilishaachiwa.


KotaPoint

Hiyo 8.63 imenipa kazi na wateja jamani. Kila mtu anataka GB zake.


Karatasi_na_Wino

Na kizee?


Pwani_Kodi

Core 2 Duo haiingii hata uruke vipi. Kuanzia 24H2 Windows yahitaji amri ya POPCNT kwenye prosesa na hiyo haina, haiwaki kabisa. Chomoa intaneti iprinti mpaka ife, au ipige Linux Mint.


Mzee_wa_Saba

Au ipige Saba.


Dada_Draiva

Mzee!!


Karatasi_na_Wino

😂😂 Nimempigia fundi sasa hivi. Anasema flashi yake ni 24H2, ya Novemba 2024, "haijawahi kumuangusha". Yuko njiani anakuja.


Dada_Draiva

Mpigie tena, mwambie apitie chai. Wewe anza kushusha ISO.